Viatu Nilivyovisema Redioni

Siku ya kwanza kazini nilifika na koti la kuazima kwa binamu yangu, mikono yake ikiniishia juu ya viwiko kidogo tu. Mkuu wa Idara, bwana mfupi aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, hakuniuliza hata habari za safari. Alinisukumia rundo la mitihani ya mwaka wa pili akasema, "Kijana, hapa hatuandiki 'nadhani'. Tunaandika 'inaweza kujengwa hoja kwamba'. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi umeimaliza." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Maisha yangu yote ya kazi nilijenga hoja kwamba, na sikumbuki siku niliyodhani kitu waziwazi.

Mmeniomba, nyinyi mnaoanza kufundisha sheria sasa, niwaeleze kazi ilivyokuwa enzi zetu. Mnaniamkia kwa heshima, mnanikalisha mbele kwenye makongamano yenu, mnaniita nguli. Neno hilo linanichoma. Ningekuwa na njia ya kuwaeleza kazi hii bila kueleza aibu yake ningefanya hivyo, lakini sina, kwa hiyo vumilieni.

Nilianzia chuo cha Pwani nikiwa mhadhiri msaidizi, ngazi ya chini kabisa, yule anayesahihisha mitihani ya wakubwa na kubeba jina la "msaidizi" hata kwenye harusi. Kupanda ngazi kulitaka machapisho. Makala ya kitaaluma haichapwi hivi hivi. Mhariri wa jarida huipeleka kwa wapitiaji, wanataaluma wenzako ambao huwajui nao hawakujui, waichambue, waikatekate, wairudishe imejaa maswali. Tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa yanayoonyesha umetoa wapi maneno yako, ndiyo ilikuwa fahari yetu. Makala yenye tanbihi chache tuliiona iko uchi. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja wenye mistari minne ya maneno yangu, mingine yote tanbihi, na niliuonyesha watu kama picha ya mtoto.

Amidi wa Kitivo, mkubwa wetu sote, aliwahi kuniita ofisini baada ya kusoma rasimu yangu moja.

"Hii unamwandikia nani?"

"Wananchi, Mheshimiwa."

"Wananchi hawasomi majarida. Waandikie majaji. Jaji mmoja akikunukuu, mwananchi atapata haki yake bila hata kukufahamu."

Ilikuwa hoja nzuri, na mpaka leo sithubutu kusema ilikuwa ya uongo moja kwa moja. Niliishika. Nikaandika kwa ajili ya majaji, na makala iliyonipa uprofesa mshiriki ilihusu mnunuzi wa nia njema. Huyo ni mtu anayenunua ardhi kwa uaminifu, kutoka kwa mtu mwenye karatasi halali za mahakama, asijue kuwa nyuma ya karatasi hizo kuna mgogoro. Nilijenga hoja kwamba sheria imlinde huyo hata kama aliyemuuzia alikosea, maana vinginevyo nani atathubutu kununua kitu? Hukumu kadhaa zilininukuu kwa jina. Nikavimba kichwa, siwafichi.

Chuo kipya kilipofunguliwa Dodoma, niliomba uhamisho. Mimi ni mtu wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, na nilitamani kufa karibu na kwetu. Majengo bado yalinuka rangi, upepo unaingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya droo, na wanafunzi walitoka kila pembe ya nchi. Mkuu wa Shule ya Sheria alikuwa mama mrefu asiyependa maneno mengi. Alinionyesha ofisi, akanionyesha kitambaa cha kufutia meza, akaondoka.

Tofauti ya Dodoma na Pwani ilikuwa Bunge. Muswada ukisomwa asubuhi, mchana waandishi wa habari wanakutafuta uwaeleze maana yake. Pale ndipo nilipojifunza tawi jingine la kazi yetu, maoni kwa umma. Vijana msidharau. Anayepandishwa cheo hupimwa kwa mambo matatu: kufundisha, utafiti, na huduma kwa jamii, na redio ilihesabiwa kwenye hilo la tatu. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo alinisimamisha koridoni siku moja akasema, "Profesa, chuo kisichosikika ni chuo kilichokufa. Nenda redioni ukatusemee."

Nilikwenda, na nilikwenda na woga ambao sikumwambia mtu. Sheria niliisoma kwa Kiingereza, nikaifundisha kwa Kiingereza, nikiiota naiota kwa Kiingereza. Ilipoamuliwa kwamba mahakama ziongee Kiswahili, nilikuwa wa kwanza kupongeza hadharani. Lakini mbele ya kipaza sauti nilikuwa napanga sentensi kichwani kwa lugha ile, halafu naigeuza haraka haraka kabla haijapoa. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi, na nina hakika wengi wenu mnafanya hivyo hivyo mpaka leo.

Kipindi cha sheria cha asubuhi kilikuwa cha Bi Nargis, binti wa familia ya wenye maduka ya nguo pale mjini, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Asubuhi moja mada ilikuwa mirathi. Akaniuliza, "Profesa, huyu msimamizi wa mirathi ni mtu gani hasa?"

Swali jepesi. Mtu akifariki, ukoo unakaa, unapendekeza mmoja wao, mahakama inamthibitisha akusanye mali, alipe madeni, kisha awagawie wenye haki. Ningesema hayo ningekuwa nimemaliza. Lakini wanasheria wa Kiingereza wana msemo wao kwamba msimamizi anaingia kwenye viatu vya marehemu, maana yake anaweza kudai na kudaiwa badala yake. Nikaugeuza kama ulivyo.

"Msimamizi wa mirathi," nikasema, kwa ile sauti yangu ya mihadhara, "anavaa viatu vya marehemu. Popote ambapo marehemu angesimama, yeye ndiye anayesimama."

Bi Nargis akacheka kwa furaha. "Hiyo tumeipenda, Profesa."

Nikaendelea kueleza mipaka ya mamlaka yake, wajibu wa kiuaminifu, dhima binafsi, na madudu mengine ambayo hata mimi nikiyasikia leo siyaelewi. Redio wakakata kile kipande cha viatu peke yake, wakakirusha kwenye simu za watu. Kikasambaa. Wanafunzi walikuwa wananipita koridoni wanaangalia miguu yangu wakitabasamu. Nilifurahi sana. Nilidhani sasa ndiyo nimewafikia wananchi.

Nina dada mmoja, Roda, mdogo wangu wa mwisho, aliyeolewa palepale Kibakwe na bwana mmoja mpole anayeitwa Yona. Kila nilipokuwa redioni Roda aliweka redio dirishani, spika inatazama njiani, ili wapita njia wasikie. Wakimuuliza kaka yako kasema nini, anajibu, "Mambo ya sheria." Hayo aliniambia mwenyewe akicheka, nami nikacheka naye, na haikunipitia akilini kuuliza kama kweli anaelewa.

Yona alifariki ghafla mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikwenda mazikoni, nikatupa udongo, nikaondoka jioni ileile kwa sababu kesho yake nilikuwa mwenyekiti wa kikao kwenye kongamano. Mada ya kongamano ilikuwa upatikanaji wa haki kwa wanyonge. Haya, chekeni.

Nikastaafu. Waliniaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Mkuu wa Shule ya Sheria, mama yule yule, alisema maneno machache kama kawaida yake: "Profesa ametufundisha kupima kila neno." Watu wakapiga makofi. Baada ya wiki chache nikafunga mizigo nikaenda Kibakwe kumsalimia Roda na kupumzika.

Uani kwake nilimkuta mke wa Elia anaanika mahindi. Elia ni mdogo wake Yona, bonge la mtu, mkimya, mkulima hodari. Akatoka ndani kunipokea, "Karibu shemeji, karibu sana," na macho yangu yakaenda miguuni kwake. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia ambavyo mimi mwenyewe nilimnunulia Yona pale soko la Majengo, Dodoma mjini, binti yao alipopata kipaimara. Nikajisemea labda ni kumbukumbu ya kaka yake.

"Roda yuko wapi?"

"Yuko bondeni. Leo wanang'oa vitunguu."

Nikashuka. Bonde lile lilikuwa la Yona na Roda, udongo mweusi, maji hayakauki hata kiangazi. Ndilo lililowasomesha watoto wao. Nilimkuta Roda kwenye mstari wa vibarua, ameinama, kanga imefungwa kiunoni, na kijana nisiyemjua amesimama pembeni anawahimiza.

"Shikamoo kaka. Pole na safari."

"Marahaba. Roda, mbona namkuta Elia nyumbani kwako? Na huyu anayewaamrisha ni nani?"

Akaniangalia kama mtu anayetaniwa vibaya. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema nini?"

"Viatu."

Alijifuta udongo mikononi akanieleza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ukoo ulimteua Elia kuwa msimamizi, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha, mambo ya kawaida. Siku waliyokaa kuzungumzia nyumba, mtu mmoja akatoa simu akaweka sauti yangu. Wakairudia. Popote ambapo marehemu angesimama, yeye ndiye anayesimama. Wakasema kumbe basi nyumba ni ya Elia, na bonde ni la Elia. Elia akaliuza bonde kwa mfanyabiashara wa vitunguu wa Majengo. Roda na binti zake wawili wakapanga chumba kule sentani, penye maduka.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikupigie nikuulize nini, kaka, wakati umeshajibu?"

Nimewahi kupingwa na majaji. Nimewahi kurudishiwa makala yenye neno "dhaifu" kila ukurasa. Hakuna kilichonishusha uso kama sentensi ile. Nilisimama kati ya mashina ya vitunguu na viatu vyangu vya mjini, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Binti zake wangekula nini? Na mimi nilikuwa nimekuja kupumzika.

Niliomba ukoo ukae. Ni shauri la watu wa Yona, mimi shemeji tu, lakini walinikubalia kwa heshima ya jina. Walikaa uani, na Mzee Chilewa, baba mdogo wa marehemu Yona, akatusalimu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akanipa nafasi. Nikasimama. Nikaanza, "Ndugu zangu, dhana ya usimamizi wa mirathi inapaswa kutofautishwa na dhana ya urithi, kwa kuwa ile ya kwanza..."

"Profesa," akasema Mzee Chilewa, "sema kama ulivyokuwa unasema na mama yako."

Nilitafuta maneno kichwani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mbele ya mlango, watu wamesimama nyuma yake. Mwisho nikasema, "Elia ametumwa dukani. Nyinyi mmemtuma. Sukari si yake, chenji si yake. Akifika nyumbani anampa kila mtu chake. Mwenye nyumba ni Roda na watoto wa Yona. Elia ni wa kutumwa."

Wote wakaelewa papo hapo. Niliona vichwa vinatikiswa, kina mama wanatazamana. Kumbe sheria ile inatosha kwenye kikapu cha kuendea dukani, na mimi niliizungukia maisha yangu yote.

Elia alikuwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo hivi viatu?"

"Ulikuwa mfano tu, shemeji. Mfano wa Kiingereza."

"Mfano."

"Ndiyo."

Akavitazama. "Vinanibana, Profesa. Yona alikuwa na mguu mdogo. Nimevivaa mahakamani, nimevivaa kanisani, kidole hiki kimeshatoka kucha. Nilidhani hakimu ataangalia miguu."

Mtu mmoja akaguna kicheko, wakafuata wengine, uani pote watu wanashika mbavu. Elia hakucheka. Mimi pia sikucheka. Sisemi ni malaika. Bonde aliliuza, na paa jipya la bati nyumbani kwake kule juu nililiona. Lakini alikuwa ameenda na viatu vinavyomuumiza kwa sababu profesa alisema. Akavivua, akaviweka mbele ya Roda vimepangwa vizuri, akaenda kwake pekupeku. Kesho yake alihamisha vitu vyake. Roda na binti zake wakarudi nyumbani.

Nilirudi Dodoma nikamwomba Bi Nargis nafasi ya kusahihisha. Alinipa, na alinipa kwa moyo. Nikasema habari za duka na chenji, polepole, nikarudia. Hakuna aliyekata kipande hicho akakisambaza. Kile cha viatu bado kinazunguka. Mwezi uliopita nimekisikia kwenye simu ya dereva wa bajaji pale Majengo, anamwekea abiria wake mjane. Nikaingilia kati. Akaniuliza mzee wewe unajua nini kuhusu sheria, na nilishindwa kumtajia jina langu.

Sasa mnataka mawaidha. Nimeishi kwa maneno na sina mengi yaliyobaki. Tanbihi zenu ziandikeni, majaji wanazihitaji, na siwezi kuwaambia muache makongamano wakati ndiyo yaliyonilisha mimi. Lakini kabla hamjakiweka kitu hewani, mtafuteni mtu mmoja nyumbani kwenu asiyesoma majarida, mwambieni, halafu mwacheni yeye awaeleze mmesema nini. Mimi nilikuwa naye. Alikuwa ameweka redio dirishani miaka yote. Sikumuuliza.

Nimelikwepa bonde mpaka hapa, na mnaweza mkawa mmegundua. Roda naye alilikwepa siku kadhaa, nadhani kwa kunionea huruma. Asubuhi niliyokuwa naondoka Kibakwe alikuja na uji, akakaa kizingitini. Viatu vya Yona vilikuwa pembeni ya mlango, amevipiga kiwi.

"Na bonde, kaka?"

"Suala la bonde," nikasema, "lina pande mbili. Kwanza tunajiuliza kama msimamizi alikuwa na mamlaka ya kuuza. Pili, inaweza kujengwa hoja kwamba..."

"Kaka."

Alisema hivyo tu. Nikaweka kikombe chini.

"Limekwenda, Roda."

"Halirudi?"

"Halirudi. Aliyenunua hakujua, na Elia alikuwa na karatasi za mahakama. Sheria inamlinda aliyenunua. Mimi ndiye niliyeandika kwamba alindwe, na majaji wakanisikiliza. Ndicho kilichonipa uprofesa."

Alizungusha kijiko kwenye uji wake. Nilitamani anitukane. Nilitamani alie, nipate la kufanya. Halafu akatikisa kichwa taratibu, akakubali.

"Leo nimekuelewa," akasema. "Miaka yote ile ya redio, kaka, leo ndiyo mara ya kwanza."

Akaosha kikombe changu, akajifunga kanga, akashuka bondeni, kwa kuwa yule kijana, msimamizi wa mnunuzi, huwaandika vibarua mapema.